Sabuni ya maji nyumbani: vipimo vya lita 20 na mahali inapoharibikia

Mkuu, umeuliza biashara ya kuanzia nyumbani hapa Dar kwa mtaji mdogo, na wengi wamekujibu "tengeneza sabuni ya maji" wakaishia hapo. Wako sahihi, ila kutengeneza ndoo moja si kazi. Kazi ni ndoo ya pili itoke sawa na ya kwanza. Kwa hiyo nunua kwanza mizani ya gramu na karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au magadi. Hizi habari za "kikombe" na "kijiko" ndizo zinafanya sabuni ya leo iwe nzito, ya wiki ijayo iwe maji.

Kwa lita 20: sulfoniki (asidi nzito ya kutengenezea sabuni) kilo 1, slesi (uji mzito wa kutoa povu, madukani wengine huiita ungaroli) nusu kilo, soda ashi (unga wa magadi wa kupunguza ukali wa asidi) gramu 160 hadi 180, chumvi laini isiyozidi nusu kilo, glisirini mililita 100, manukato mililita 40, rangi ya kuyeyuka kwenye maji, na kihifadhi (dawa ya kuzuia sabuni isioze) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Formalini, ambayo wengine huitumia kama kihifadhi, achana nayo, hata muuza duka akisifia bei. Mvuke wake una madhara.

Vaa glovu na miwani, fanyia kazi uani, tumia ndoo ya plastiki na mwiko wa mbao. Sufuria ya alumini italiwa na sulfoniki. Weka maji lita 12, mimina sulfoniki humo taratibu ukikoroga. Yeyusha soda ashi kwenye lita moja na nusu pembeni, kisha ongeza kidogo kidogo. Itafoka povu kwa sababu gesi inatoka, na ukimwaga yote kwa pamoja ndoo itafurika. Simama pH ikifika 7 hadi 8. Chini ya hapo, au juu sana, mikono ya wateja itababuka.

Slesi ilainishe kwenye ndoo nyingine kwa kuongeza mchanganyiko huo kidogo kidogo. Ukiitupa nzima inaganda mabonge. Mabonge yakibaki usihangaike nayo, acha usiku kucha yayeyuke, na gesi nayo iishe. Ukifungasha mapema chupa zinavimba.

Asubuhi weka glisirini, rangi, manukato na kihifadhi, ongeza maji hadi lita 18. Chumvi, ambayo ndiyo inayoifanya sabuni iwe nzito, iwe ya mwisho, maana manukato hubadilisha uzito huo. Iyeyushe kwenye lita mbili zilizobaki, ongeza kidogo, koroga, tazama. Uzito hupanda hadi kilele, kisha chumvi ikizidi sabuni inarudi kuwa nyepesi na kuchafuka rangi. Hapo ndipo wengi huongeza chumvi tena na kuua ndoo nzima. Dawa yake ni maji na slesi kidogo.

Maji ya kisima ya mitaa mingi ya Dar yana chumvi tayari, kwa hiyo kilele kinakuja mapema. Tumia ya bomba la DAWASA au ya mvua. Na uzito upime mchana: usiku kukiwa na ubaridi kila sabuni inaonekana nzito.

Upande wa faida, gharama ya ndoo ni pamoja na chupa, lebo, manukato na nauli ya Kariakoo. Gawa kwa 20 ndipo upange bei. Chupa za nusu lita zinapendeza mtandaoni, lakini bodaboda ya kutoka Mbagala kwenda Tegeta inameza faida ya chupa kadhaa. Anza na mama lishe, saluni na waosha magari unaowafikia kwa miguu, uza dumu la lita 5, chukua dumu tupu ukileta jingine. Dumu lioshwe na kukaushwa, uchafu ndio unaoozesha sabuni. Usifungashe kwenye chupa za soda zisizo na lebo, watoto watakunywa.

Ukitaka kuingia madukani utahitaji nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Anzia ofisi ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho.