Kabla ya kwenda JKT, ipe mifupa muda wake

Miezi ya vijana kuripoti Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ikikaribia, alfajiri barabara ya huku kwetu Sakina, Arusha, hujaa wakimbiaji. Napenda kuwaona. Nimevaa buti miaka mingi, na tangu nistaafu nawasimamia mazoezi vijana wa mtaani. Ninachowaambia wao ndicho hiki.

Pumzi huja haraka. Wiki chache za mchakamchaka zinatosha moyo kuanza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na kijana akajiona komando. Mifupa haina haraka hiyo. Ukiibebesha mzigo mpya, mwili kwanza huondoa sehemu zilizochoka, ndipo ujenge upya, na ujenzi huo huchukua miezi. Hapo katikati mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyoanza, na hapo ndipo makuruta hupata nyufa kwenye muundi, yaani mfupa wa mbele wa mguu chini ya goti, na kwenye nyayo. Jipime hivi: pitisha kidole taratibu juu ya muundi. Maumivu ya misuli yametapakaa, na baada ya siku mbili tatu yamekwisha. Ufa una mahali pake padogo, ukipabonyeza wewe mwenyewe unaruka kwa maumivu. Hapo acha kukimbia, nenda zahanati.

Upande wa akili, faida ni kubwa mno. Mkiimba chenja, zile nyimbo za mchakamchaka, kombania nzima, miguu ikitua pamoja, uchovu unakuwa wa wote, na unagundua kwamba ulipodhani nguvu zimekwisha bado zipo. Hadi leo nikizidiwa na mawazo nakimbia kuelekea Ngaramtoni, na usiku nalala. Lakini uvumilivu huohuo ndio unaomfanya kuruta afiche mguu asiitwe mgoigoi. Kwangu mimi, anayemwambia afande mapema ndiye askari.

Sisi wa Arusha tuna la ziada. Tumezoea baridi ya mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipangiwa kambi ya Ruvu, mwili utahitaji kama wiki mbili kulizoea joto la Pwani. Kunywa maji, pumzika kivulini ukiruhusiwa. Na ukiona mkojo wa rangi ya kola baada ya zoezi kali, misuli inavunjika na figo ziko hatarini: hospitali siku hiyohiyo.

Basi anza miezi mitatu kabla. Leo kimbia, kesho tembea na begi jepesi, uzito uongeze kidogokidogo. Lala mapema. Na siku ya kupimwa afya, kama una jeraha la zamani, litaje.