Jibu: Je, uovu ni upungufu wa wema tu?
Ndugu, umeuliza kama fundisho la Augustino, mwanateolojia Mkristo wa kale, kwamba uovu ni upungufu wa wema, linaweza kumridhisha mtu aliyeumizwa. Nadhani lilijibu swali jingine: Augustino, aliyewahi kufuata dini ya Mani, iliyofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana, alitaka kukanusha kwamba giza ni nguvu ya milele inayoshindana na Mungu, na hapo alifaulu. Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu Ayubu, alilipinga fundisho hilo kwa kuona linaupunguzia uovu uzito wake ndani ya nafsi, hata akakosana na rafiki yake Victor White, padri Mdominiko. Ivan, mhusika katika riwaya ya Dostoevsky, Ndugu Karamazov, ndiye mgumu zaidi kujibiwa, kwa sababu hamkani Mungu, bali anakataa upatanisho wowote unaolipiwa kwa machozi ya mtoto.