Fundi Anajibu: Baiskeli na tairi za mbio za murram

SWALI: Nina baiskeli ya mitumba, aina ya milimani, magurudumu inchi 29, breki za diski. Jirani ananiuzia ya lami, nyepesi sana. Nataka kuingia mbio za murram za kilomita 100. Nibadilishe? – Msomaji, Njoro

JIBU: Baki na yako. Ule wepesi unaousikia ukiinua baiskeli kwa mkono mmoja haukusaidii kitu kama tairi pana haiingii. Baiskeli ya lami yenye breki za kubana rimu kwa kawaida haipokei tairi inayozidi milimita 28, na kwenye kokoto za Mau utaishia kuisukuma.

Rimu ya inchi 29 ina kipenyo kilekile cha milimita 622 cha magurudumu yanayoandikwa 700c. Kwa hiyo tairi za 700x40 au 700x45 zitakaa kwako, mradi upana wa ndani wa rimu usizidi sana milimita 25. Soma ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa: 559 ni ya inchi 26, 584 ni ya 27.5, na hizo haziingiliani na yako hata muuzaji akiapa.

Baiskeli ya jirani bado ukiitamani, nenda na ufunguo wa aleni (ule wa pembe sita) wa milimita 4. Upitishe kati ya tairi na fremu, kushoto, kulia na juu, kisha fanya hivyo kwenye foku, ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Mahali panapobana mara nyingi ni nyuma, pale mabomba ya fremu yanapopita karibu na pedali. Tairi ya 40 inahitaji uwazi wa 48 hivi. Na usiamini sana namba iliyoandikwa: 40 kwenye rimu pana hufika 42.

Pesa utakazookoa nunua kaseti, yaani seti ya gia za nyuma. Gia ya mbele ya meno 40 na kubwa ya nyuma ya meno 42 itakupandisha mwinuko wa Subukia ukiwa umekaa.

SWALI: Nina kilo 68, tairi za 40 zisizo na tyubu. Nilipigiwa upepo PSI 60 (kipimo cha msukumo wa upepo). Kutoka Molo kwenda Elburgon kwa njia za ndani mikono ilikufa ganzi. Shida ni foku? – Msomaji, Molo

JIBU: Foku haina kosa. Anza na PSI 28 mbele na 31 nyuma. Ungekuwa na tyubu tungekwambia 34 na 38, kwa sababu tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu ikatoboka matundu mawili sambamba, kama ya meno ya nyoka.

Ile barabara yenye mawimbi, matuta madogo yaliyofuatana, ndiyo inayofichua tairi ngumu. Kila tuta linakurusha juu kidogo, na nguvu ya kukurusha inatoka kwenye miguu yako mwenyewe. Tairi laini hulimeza tuta, wewe unaendelea mbele. Wengi hudhani tairi ngumu ina kasi kwa sababu inatetemeka. Mtetemo si kasi.

Tafuta kipande cha kilomita 2 chenye mawimbi na mawe, ukirudie ukipunguza 2 kila mara. Ukisikia rimu ikigonga jiwe, au mkia ukiyumba kwenye kona, ongeza 3 na hapo ndipo pako. Pima kwa geji ndogo inayoishia 60. Ile ya pampu kubwa inayofika 160 haioni vizuri kwenye 30. Pima asubuhi, kivulini. Baiskeli iliyoachwa juani inaweza kusoma 2 au 3 zaidi, ukitoa upepo hapo utapanda na tairi legevu.

SWALI: Huku kwetu ni migunga na mawe meusi. Nimeweka tairi bila tyubu lakini bado napata pancha, na nikiweka tyubu njiani nayo inatoboka papo hapo. – Msomaji, Gilgil

JIBU: Tuanze na hilo la mwisho. Tairi yenye dawa ya kuziba pancha hukusanya miiba bila wewe kujua, kwa sababu dawa inaziba kila tundu kimyakimya. Siku unapoingiza tyubu, ncha zote zile bado zimesimama ndani. Kabla ya tyubu, geuza tairi, pitisha kitambaa kuizunguka yote polepole. Kinaponasa pana mwiba. Ng'oa kwa koleo ndogo.

Dawa yenyewe: mililita 60 kwa tairi ya 40, na kwa miiba ya huko weka 80. Kwenye joto hukauka, basi baada ya miezi miwili ing'oe valvu kiini chake uchungulie kwa kijiti. Kijiti kikitoka kikavu, ongeza. Mwiba ukiingia mbioni, uchomoe, zungusha gurudumu tundu liwe chini, subiri nusu dakika. Tundu kubwa kuliko milimita 4 lataka kamba ya mpira ya kuzibia.

Kama upepo hutoka usiku kucha bila mwiba, shuku utepe wa rimu. Uwe mpana kuliko upana wa ndani wa rimu kwa milimita 2 au 3, ubandikwe juu ya rimu iliyopanguswa kwa spiriti. Selotepu ya dukani haifai. Wala usijaribu bila tyubu tairi isiyoandikwa kuwa ya kazi hiyo: inaweza kuchomoka rimuni kwa kishindo.

Mawe meusi ya upande wa Eburru ni kioo cha volkano, hukata ubavu wa tairi kama wembe. Waendesha baiskeli wa Flint Hills kule Kansas, Marekani, wanaogopa kitu hichohicho kutoka kwa mawe mengine. Nyuma chagua tairi yenye ubavu ulioimarishwa, hata ikiongeza gramu 100. Mfukoni beba kipande cha tyubu ya dawa ya meno, cha ukubwa wa kiberiti: ubavu ukikatika kiweke kwa ndani, kisha tyubu juu yake.

SWALI: Mvua ikinyesha udongo mweusi wa Kano unajaa mpaka gurudumu linakwama. Niweke tairi pana zaidi? – Msomaji, Ahero

JIBU: Nyembamba zaidi. Fremu inayobeba 45, weka 38 yenye meno machache yaliyoachana, ili tope lipate pa kupita. Likijaa, shuka na ukwangue kwa kijiti. Ukilazimisha pedali, tope huvuta mkono wa gia za nyuma hadi kile kipande kidogo kinachoushikilia kwenye fremu kikavunjika. Nunua cha akiba mapema, na uende na cha zamani dukani ukalinganishe matundu, maana kila fremu ina chake.