Nani aliwaruhusu kumpasua kaka yangu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Kaka yangu aligongwa na gari, akafikishwa hospitali hana fahamu. Nilipofika nikaambiwa ameshapasuliwa na bandama imetolewa. Hakuna ndugu aliyeulizwa wala kuweka sahihi. Anaendelea vizuri, ila sisi tuna kinyongo. Nani aliwaruhusu?

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Kumkuta ndugu yako ameshashonwa tumbo bila habari ni mshtuko mkubwa. Lakini bandama ikipasuka, damu humwagika tumboni kimyakimya, na presha inaweza kuporomoka ninyi mkiwa bado mnatafutwa kwa simu. Aliyezimia hawezi kukubali wala kukataa. Kwa hiyo daktari huchukulia kwamba angependa kuokolewa, na sheria za nchi nyingi humruhusu aendelee.

Ruhusa hiyo ina mipaka. Inahusu kile tu kisichoweza kusubiri. Daktari akikuta humo tumboni ngiri ya zamani isiyo na hatari, aiache mpaka mgonjwa azinduke aulizwe. Na kama mgonjwa alishakataa matibabu fulani kabla ya kuzimia, neno lake linabaki palepale. Huko Kanada, mama mmoja aliyepata ajali alikuwa na kadi mkobani inayosema asiongezewe damu kamwe, kwa sababu ya imani yake. Daktari aliambiwa habari ya kadi, akamwongezea hata hivyo. Mama alipona, akashtaki, na mwaka 1990 Mahakama ya Rufani ya Ontario ikakubali alipwe fidia ya dola 20,000. Mimi ningeumia kuisoma kadi ile, lakini ningeitii.

Tena, hata mngekuwepo, mwili ni wa kaka yenu. Mtu mzima akiwa macho na akili zake timamu, anayeulizwa ni yeye. Mara nyingi nakuta ndugu wanavutana koridoni nani aweke sahihi, na mgonjwa amelala kitandani anawasikia, hakuna aliyemgeukia. Hilo huniuma sana.

Sasa mwombeni daktari aliyempasua akae na kaka yenu mwenyewe, amweleze alikuta nini na kwa nini hakungoja. Kaka aulizie pia chanjo za kuzuia nimonia na homa ya uti wa mgongo, maana asiye na bandama hulemewa upesi na vimelea hivyo. Na akipata homa, hata usiku, awahi hospitali.