Kinundu kwenye titi la mbwa: usikubali kitupwe kwenye ndoo

Nilikuwa namtoa Popi kupe barazani, hapa Tanga, kidole kikagusa kitu kama punje ya dengu jirani na chuchu ya nyuma. Mbwa wa miaka tisa. Nikasema kipele tu hicho. Baada ya miezi mitano punje imekuwa limau.

Kosa hilo langu. La pili tuligawana na aliyempasua: alikitoa kinundu, akakitupa kwenye ndoo pamoja na pamba zenye damu, nami sikuuliza neno. Sikujua kwamba karibu nusu ya vinundu vya matiti ya mbwa huwa saratani, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Hata sindano ya kunyonya seli haitoshi mara nyingi. Kinundu chenyewe lazima kifike maabara.

Cha pili kilipoota nilikwenda na chupa yangu, yenye mdomo mpana. (Nyama ikikaa kwenye fomalini, dawa ya maji ya kuihifadhi isioze, hukakamaa, ukiitia kwenye chupa ya soda, kuitoa ni kazi.) Fomalini asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya nyama.

Majibu: saratani. Chini mpimaji ameandika, E-kadherini imepungua. Nikampigia.

"Dada, umeona mkeka unavyoshonwa? Uzi ukioza, shupatu zinaachana."

Uzi ndiyo hiyo E-kadherini, protini ya kwenye utando wa seli inayoshikana na mwenzake wa seli jirani, na bila kalisiamu haishiki. Akiipaka dawa ya kuionyesha, seli zilizotulia huzungukwa na mstari wa kahawia, kama wavu. Za Popi mstari ulikatika-katika. Seli zilizolegea hivyo huchoropoka kwa urahisi, zikapita kwenye mishipa ya limfu, ile ya majimaji ya mwili, hadi tezi za kinena au kwapa, kisha mapafu. Ndiyo maana eksirei ya kifua itangulie kisu.

Ila usiishikilie protini hiyo peke yake. Uliza kwanza daraja la saratani, yaani ukali wake, kingo za nyama zimetoka safi bila seli za saratani au la, mishipa ya limfu imeingiliwa au la. Na ukubwa: chini ya sentimita 3 kuna matumaini zaidi, na limau langu lilishapita hapo. Tena ipo saratani inayojifanya jipu, titi zima jekundu na la moto; seli zake huweza kuwa na E-kadherini tele na bado ikaua upesi. Hiyo hata kupasua kwa kawaida hakushauriwi.

Mwenye mbwa jike mdogo amuulize daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi. Aliyefungwa kabla ya joto la kwanza ni nadra kuyaona haya.

Popi alikaa nasi miezi kumi na minne baada ya operesheni ile. Binti yake, Tausi, namlaza chali kila Ijumaa na kumpapasa chuchu zote kumi, nikianzia za nyuma, ambako vinundu huota zaidi. Yeye anadhani tunacheza.