Mwaka jana katakana ilinitoa machozi, jana nimeisoma gereji

Jana nilikuwa gereji, kuna Vitz imeingia juzi tu kutoka Japani, fundi kafungua mlango wa dereva nikaona stika ndogo pale pembeni imeandikwa kwa katakana, zile herufi za Kijapani za kuandikia maneno ya kigeni: エンジンオイル. Nikasoma polepole, e-n-ji-n-o-i-ru. Injini oili! Nikamwambia "mkuu, hapa wameandika kilomita walizomwagia oili." Akanikazia macho, "we umeisoma hiyo?" Jamani nilisikia raha siwezi kuficha.

Maana mwaka jana neno hilo hilo lilinishinda. Herufi za msingi ni 46 tu na hiragana, zile herufi za maneno yao wenyewe, nilishaimaliza, nikajua hii wiki mbili nyingi. Wapi! シ (shi) na ツ (tsu), ン (n) na ソ (so), kwangu zote moja. Siku nimesoma ン kama "so" mara ya tatu, mwalimu akaniambia mbele ya darasa zima nikatafute kitu kingine cha kufanya. Nililia njiani narudi nyumbani, na mpaka leo sijasahau.

Kilichonitoa ni kalamu, sio app. シ na ン vimstari vifupi vimelala vimejipanga kushoto, ule mrefu unautoa chini unaupandisha. ツ na ソ vifupi vimesimama vimejipanga juu, mrefu unaanzia juu unashuka. Mkono ukishajua huko unakoelekea macho yanafuata yenyewe, ila ukikaa unaangalia kwenye simu tu utazichanganya miaka. Mimi nimejaza kaunta buku zima. Kwa hiyo andika, we unayesema huna muda, andika hata mstari mmoja kabla ya kulala.

Halafu sisi Waswahili tuna bahati ambayo hatuitumii. Tukichukua neno la kizungu tunalimalizia na irabu, na wao mara nyingi hivyo hivyo: basi kwao basu, hoteli hoteru, redio rajio. Hata safari yetu wanayo, サファリ, na kahawa ya kwetu kule inauzwa kwa jina キリマンジャロ, hebu isome taratibu, ki-ri-ma-n-ja-ro. Na kile kidude kinachoongea Kijapani kila ukiwasha gari, ile "kaado" yake ni kadi, ya kulipia barabara za kwao, inaandikwa カード na kale kamstari ni kuvuta "a" tu. Jifunze kwa maneno kama haya, na uyaandike kwa mkono, narudia, kwa mkono.

Fundi kaniomba nirudi Jumamosi, kuna Noah ina stika nne.