Jibu: Ndege ya Lynyrd Skynyrd haikulipuka
Mkuu, umeuliza kama ni kweli ndege ya Lynyrd Skynyrd, bendi ya rock ya Marekani, ililipuka angani. Hapana, iliishiwa mafuta. Oktoba 20, 1977 walitoka Greenville, South Carolina, kwenda Baton Rouge, ndege ikaanguka msituni karibu na Gillsburg, Mississippi. Walikufa sita: mwimbaji Ronnie Van Zant, mpiga gitaa Steve Gaines, dada yake Cassie aliyekuwa akiitikia, msaidizi wao na marubani wawili. Mpiga ngoma Artimus Pyle, mbavu zimevunjika, alijikongoja hadi shamba la jirani kuomba msaada.

Habari ya moto nadhani imetokana na kasha la albamu yao, iliyotoka siku tatu tu kabla: bendi nzima imesimama katikati ya ndimi za moto! Picha ikabadilishwa haraka. Ndege yenyewe haikuwaka; tangi kavu liwake nini?

Na lile jina la kuuma ulimi? Vijana wa Jacksonville, Florida, walikuwa wakimkejeli mwalimu wao wa michezo, Leonard Skinner, aliyewaandama kwa sababu ya nywele ndefu.

Walirudi jukwaani 1987, mdogo wake Ronnie, Johnny, ndiye kashika maikrofoni.